Uso Haujakaa Sawa Baada ya Sindano ya Kijazio: Anza na Saa, Kisha Rangi

Mtu akinipigia simu kuhusu uso uliodungwa kijazio, ile jeli ya kujaza midomo, mashavu au mikunjo ambayo wengi huiita tu fila, siulizi kwanza umevimba kiasi gani. Nauliza alidungwa lini, na hicho anachokiona kilianza saa ngapi. Tatizo la dakika za mwanzo lina chanzo chake, la siku ya tatu lina chake, na uvimbe unaojitokeza miezi minane baadaye, wakati mwenyewe ameshasahau sindano, ni jambo jingine kabisa. Swali langu la pili ni rangi ya ngozi. La tatu ni kama maumivu yanapungua au yanaongezeka.

Nimekuwa muuguzi kwenye kliniki ya ngozi kwa muda wa kutosha kujua kwamba wengi hufika wakiwa wamechelewa, na si kwa sababu hawakuona dalili. Waliziona. Waliona aibu, au waliambiwa wasubiri. Naandika kwa ajili ya aliyedungwa na yule anayelala naye nyumba moja. Huu si mwongozo wa kujitibu, ni wa kujua lipi la kulala nalo na lipi la kuamka nalo usiku huo huo.

Yasiyosubiri kupambazuka

Nenda hospitali yenye idara ya dharura mara moja ukiona lolote kati ya haya:

- Jicho limepoteza uwezo wa kuona, lote au sehemu, unaona vitu viwili, kope limeanguka ghafla, au jicho linauma kwa ndani.
- Mdomo umepinda, mkono au mguu umelegea, maneno hayatoki vizuri.
- Ulimi au koo vinavimba, pumzi inabana, mwili umetoka vipele vya kuwasha.
- Ngozi imepauka au imekuwa ya kijivu, ina michirizi ya zambarau kama wavu, au maumivu yanazidi badala ya kupungua.

Matatu ya kwanza hayahitaji maelezo marefu kwa mtu aliye nyumbani, ni ya kukimbia tu. La nne ndilo linalowapita watu.

Ngozi imepauka, ina wavu wa zambarau, inauma kuliko jana

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndilo linaloacha makovu, na ndilo ambalo mara nyingi mtu huambiwa ni damu tu imevilia.

Kijazio ni jeli nzito. Ikiingia ndani ya ateri, yaani mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, au ikijaa pembeni yake hadi kuibana, damu haipiti, na kipande cha ngozi kilichokuwa kinalishwa na ateri hiyo kinaanza kufa taratibu. Ateri kubwa ya uso hupanda kutoka kwenye taya, hupita pembeni mwa mdomo, ikafuata mkunjo wa shavu hadi ubavuni mwa pua. Ndiyo maana aliyedungwa kwenye mkunjo huo anaweza kuona baka kwenye bawa la pua, mahali ambapo sindano haikugusa. Baka la mshipa ulioziba hufuata njia ya mshipa. Damu iliyovilia hukaa karibu na tundu la sindano, kisha siku hadi siku hugeuka kijani, halafu manjano, na maumivu yake hupoa.

Mambo huenda kwa hatua. Dakika za mwanzo ngozi hupauka ghafla, wakati mwingine sindano ikiwa bado imo. Weupe huo unaweza kupita, mtu akatulia. Saa chache baadaye hutokea michirizi ya zambarau au wekundu wa kijivu uliosukwa kama wavu, na ngozi ukiigusa ni ya baridi. Siku ya 2 au ya 3 hutoka vipele vidogo vyenye usaha, na hapo watu huanza kupaka dawa ya chunusi. Baada ya hapo ngozi huwa nyeusi, hukauka kuwa kigaga, na kigaga kikidondoka huacha kidonda.

Kuna mtego kwenye maumivu. Vijazio vingi huchanganywa na lidokeini, dawa ya ganzi. Mshipa unaweza kuziba na usihisi kitu hadi ganzi iishe ukiwa umeshafika nyumbani. Pia mshipa unaweza kubanwa saa kadhaa baadaye, uvimbe unapoongezeka. Kwa hiyo maneno "nilitoka pale nikiwa mzima" hayaondoi hatari.

Jipime hivi. Kaa karibu na dirisha au taa nyeupe. Bonyeza sehemu unayoitilia shaka kwa ncha ya kidole kwa sekunde 5, kisha achia na uhesabu. Ngozi iliyobonyezwa hupauka, na damu hurudi ndani ya sekunde 2 hivi. Fanya vivyo hivyo upande wa pili wa uso, mahali pale pale. Upande mmoja ukichelewa waziwazi, hiyo ni taarifa. Kwenye ngozi nyeusi weupe hauonekani kama vitabu vinavyouchora: ngozi huonekana ya majivu, imefifia, kama imepakwa vumbi, na wavu wa zambarau huonekana kama kivuli. Kama ni mdomo uliodungwa, ufunue na ubonyeze upande wa ndani, palipo na uwekundu. Hapo rangi huonekana kwa kila mtu.

Dada mmoja alitufikia jioni ya siku ya pili akiwa ameshika leso usoni. Alikuwa amedungwa kwenye mikunjo ya mashavu, na alipompigia aliyemdunga aliambiwa apake krimu alale. Alipoondoa leso, ukingo wa bawa la pua ulikuwa wa kijivu, na chini yake michirizi ya zambarau ikishuka hadi karibu na mdomo. Nilibonyeza nikaachia. Upande mzima rangi ilirudi kabla sijasema moja. Upande ule nilifika sita. Daktari alimdunga dawa ya kuyeyusha pale pale, akarudia baada ya saa moja, akarudia tena. Rangi ilianza kurudi kutoka pembeni kuelekea katikati, polepole, kama chai inavyopanda kwenye kipande cha sukari. Alipona, isipokuwa ukingo wa pua ambako kulibaki kovu dogo la ukubwa wa punje ya mchele. Alikuwa ameliona baka usiku wa kwanza. Hakuja kwa sababu hakutaka dada yake ajue.

Dawa hiyo ya kuyeyusha ni kimeng'enya kiitwacho hayaluronidezi. Huyeyusha vijazio vya asidi ya hayaluroniki, ambavyo ndivyo vinavyotumika zaidi. Mshipa ukiwa umeziba hutumiwa kwa wingi, mamia ya yuniti kwa awamu, na hurudiwa kila saa moja hivi hadi ngozi ionyeshe kwamba damu inapita. Hicho si kile kipimo kidogo cha kurekebisha mdomo uliojazwa kupita kiasi. Saa za mwanzo ndizo zenye faida kubwa, lakini usikubali kuambiwa siku ya pili ni bure, bado hujaribiwa.

Ukiwa njiani: usiweke barafu, kwa sababu barafu hukaza mishipa ambayo tayari haina damu. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu kinafaa. Yasiwe ya moto, maana ngozi yenye ganzi huungua bila wewe kujua. Daktari huenda akakupa aspirini ili damu isigande ndani ya mshipa. Usijipe mwenyewe, hasa kama una vidonda vya tumbo au unatumia dawa nyingine za damu. Na mpigie aliyekudunga, umtumie picha, umuulize moja kwa moja: "Una hayaluronidezi hapo sasa hivi?" Akisema hana, au akianza kukubembeleza usubiri, usipoteze muda naye.

Jicho

Sehemu zenye hatari kubwa kwa jicho ni katikati ya nyusi, pua, paji la uso na mkunjo wa shavu. Mishipa ya hapo imeungana na ateri inayolisha jicho. Sindano ikisukuma jeli kwa nguvu ndani ya mshipa, jeli hurudi nyuma kinyume na mkondo wa damu hadi mlangoni mwa jicho. Mkono ukiacha kusukuma, moyo huisukuma mbele, ikaziba mishipa ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Yote hayo huchukua sekunde chache. Ndiyo maana upofu wa namna hii huanza palepale kitandani, mara nyingi kwa maumivu makali ya ghafla, kichwa kuuma na kichefuchefu.

Retina haivumilii kukosa damu kwa muda mrefu. Kipimo kinachotajwa sana ni dakika 60 hadi 90, na madaktari wengine husema ni pungufu ya hapo. Anayehitajika ni daktari wa macho, kwa dharura, na aambiwe neno kijazio tangu mlangoni. Matokeo si mazuri mara nyingi hata tiba ikiwahi, na sitamdanganya mtu kwa hilo. Ni tukio la nadra. Lakini Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo rasmi kuhusu kijazio kuingia kwenye mishipa ya damu mwaka 2015, ikitaja upofu na kiharusi, na tangu hapo hakuna mdungaji mwenye haki ya kusema hakujua.

Wiki ya kwanza: uvimbe na damu iliyovilia

Hapa ndipo hofu huwa kubwa na hatari huwa ndogo. Midomo huvimba zaidi kati ya saa 24 na 48, kisha hushuka. Asubuhi huwa minene kuliko jioni kwa sababu ulilala. Upande mmoja huweza kutangulia mwingine. Damu iliyovilia huchukua wiki 1 hadi 2 kuisha. Kama rangi ni ya kawaida, ukibonyeza damu inarudi haraka na maumivu yanashuka, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika chache, lala kichwa kikiwa juu, tumia parasetamoli, na usiuhukumu uso wako kabla ya wiki 2. Nimeona watu wakirudi siku ya nne kudai waongezwe upande "uliopungua", na upande huo haukuwa umepungua. Ule mwingine ndio uliokuwa bado umevimba.

Uvimbe laini unaowasha, unaokuja haraka baada ya sindano na kuzidi hadi midomo ionekane kama itapasuka, ni mzio. Dawa za mzio husaidia, ila ukigusa ulimi au pumzi, rudi kwenye orodha ya juu.

Wekundu wenye joto, unaotanuka kila siku, unaouma ukigusa, ukiambatana na homa: hayo ni maambukizi. Yanahitaji dawa ya bakteria, na kama kuna jipu, kupasuliwa. Usikande, usiminye. Kuminya jipu karibu na pua na mdomo wa juu ni hatari kwa sababu mishipa ya hapo inapeleka damu hadi ndani ya fuvu. Na hayaluronidezi haidungwi ovyo kwenye ngozi yenye maambukizi, kwani inaweza kuyatawanya. Isipokuwa mshipa umeziba, hapo kuokoa ngozi kunatangulia.

Malengelenge mdomoni

Mtu aliyewahi kutokwa na vipele vya homa mdomoni ana kirusi cha hepesi kilicholala kwenye neva. Sindano inaweza kukiamsha ndani ya siku chache. Malengelenge yake hukaa kwa kundi, huanza na mchomo au muwasho, huwa na maji angavu. Hutibiwa kwa dawa ya virusi, na mwenye historia hiyo hupewa dawa kabla ya kudungwa mara nyingine. Tatizo ni kufanana na vile vipele vya usaha vya mshipa ulioziba. Tofauti iko chini ya kipele: ngozi ya hepesi ni nyekundu na ya joto, ile ya mshipa ulioziba ni ya kijivu au zambarau na damu hurudi polepole. Ukishindwa kutofautisha, ichukulie kuwa mshipa hadi mtu mwenye ujuzi akuambie vinginevyo.

Vinundu

Kinundu cha siku za mwanzo, kisicho na joto wala maumivu, mara nyingi ni jeli iliyokaa mahali pamoja kwa wingi au juu mno. Kinaweza kulainika chenyewe ndani ya wiki chache. Aliyekudunga anaweza kukikanda au kukiyeyusha. Usijikande kwa sababu tu rafiki yako aliambiwa ajikande. Ile kanuni ya kukanda dakika 5, mara 5 kwa siku, kwa siku 5 ni ya kijazio cha asidi ya polilaktiki, ambacho hufanya kazi kwa kuchochea mwili kutengeneza kolajeni, protini inayoshikilia ngozi. Ukiifanya kwenye mdomo uliojazwa jeli jana, utaisukuma isikotakiwa, na ukingo juu ya mdomo utajaa kama masharubu ya uvimbe.

Kinundu kinachokuja baada ya wiki au miezi, kikawa chekundu, kigumu na cha kuuma, kina uwezekano wa aina mbili zinazofanana sana. Moja ni bakteria waliojijengea utando juu ya kijazio na kukaa humo kimya, dawa zisiwafikie vizuri. Nyingine ni kinga ya mwili kukizingira kijazio kama adui. Daktari mwangalifu huanza kwa kudhani kuna bakteria, akatoa dawa kama doksisaiklini au klarithromaisini, kisha akayeyusha kijazio kama kinayeyuka, na steroidi, dawa zinazotuliza kinga ya mwili, zikaja baadaye. Ukipewa steroidi pekee siku ya kwanza, kinundu hunywea, unashangilia, halafu kinarudi kikiwa kimejaa. Uliza kwa nini unadungwa steroidi kabla ya swali la bakteria kujibiwa. Ni haki yako kuuliza.

Ubluu na mfuko chini ya jicho

Kijazio kilichowekwa juu mno chini ya ngozi nyembamba hutawanya mwanga, na mwanga wa bluu ndio unaorudi machoni mwa anayekutazama. Jambo hili limepewa jina la Tyndall, mwanafizikia wa karne ya 19. Kwenye ngozi nyeusi huonekana zaidi kama kivuli kisichoondoka kwa vipodozi wala kwa usingizi. Halina haraka, na dozi ndogo ya hayaluronidezi huliondoa.

Mfuko unaovimba asubuhi na kupungua mchana ni kijazio kinachovuta maji, kwa kuwa asidi ya hayaluroniki hupenda maji. Unaweza kuanza miezi mingi baada ya sindano, na watu wengi hununua krimu baada ya krimu bila kufikiria sindano ya mwaka uliopita. Picha za emarai, zile za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, zimeonyesha kijazio kikiwa bado kipo muda mrefu kuliko miezi inayotajwa kwenye boksi.

Uso unaovimba kila ukipata mafua

Mwili ukipambana na kirusi, kinga huamka kote, na mahali palipo na kijazio panaweza kuvimba, hata kama palitulia kwa mwaka. Desemba 2020 iliripotiwa kwamba kwenye majaribio ya chanjo ya korona ya Moderna, watu wachache waliokuwa na vijazio walivimba namna hiyo, na ilitulia kwa matibabu ya kawaida. Kuvimba huko hakumaanishi uache chanjo. Kung'oa au kusafisha meno kunaweza pia kupeleka bakteria kwenye damu, na ndiyo maana wengi wetu tunashauri wiki 2 zipite kati ya sindano na kiti cha daktari wa meno, kabla na baada.

Usipojua ulidungwa nini

Hayaluronidezi haiyeyushi kila kitu. Kijazio cha kalsiamu hakiyeyuki kwa dawa hiyo, na vile vya kudumu hubaki humo hadi upasuaji. Silikoni ya majimaji, ambayo hudungwa mafichoni na watu wasio na ujuzi, inaweza kukaa kimya miaka mingi kisha ikatoa vinundu vigumu vinavyohama. Kuna pia kalamu zinazopiga jeli kwa mgandamizo wa hewa bila sindano, ambazo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo dhidi yake mwaka 2021. Kwa kifaa hicho hakuna anayeweza kudhibiti jeli inafika kina gani. Kama ulidungwa nyumbani kwa mtu, au chupa haikuwa na lebo, sema hivyo bila kupunguza chochote. Daktari akidhani ni asidi ya hayaluroniki kumbe ni silikoni, atapoteza siku anazozihitaji.

Unapokwenda

Beba stika ya kijazio yenye jina na namba ya toleo; kliniki makini hukupa au hubandika kwenye faili lako. Kama huna, omba boksi lipigwe picha. Piga picha za uso kila saa moja mahali pale pale, taa ile ile, bila vipodozi na bila kichujio cha simu. Andika saa ya sindano, saa ya dalili ya kwanza, na dawa ulizomeza. Taja kama una mzio wa kuumwa na nyuki: sumu ya nyuki ina kimeng'enya cha jamii moja na hayaluronidezi, na daktari atataka kuwa na adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, karibu kabla ya kukudunga.

Na kama wewe ndiye unayempeleka mtu ambaye jicho limezima au maneno hayatoki, usimwachie yeye aeleze. Mwambie wa kwanza atakayewapokea: amedungwa kijazio usoni, mahali fulani, saa fulani.